Usanifu wa Lugha ya C: Istilahi Tatu Zisizofaa Kuchanganywa

Msomaji aliyezoea habari za Kiswahili sanifu huenda akashangaa kusikia kwamba lugha za kuandikia programu za kompyuta nazo zina usanifu wake. Hata hivyo haja iliyozaa mambo haya mawili ni moja. Mtoto wa Singida aliyelelewa kwa Kinyaturu au Kinyiramba huandika barua kwa Kiswahili, naye msomaji wa Lamu akaielewa, kwa sababu wote wawili wanafuata maafikiano yaliyojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja na kuanza kusimamiwa, mwaka 1930, na kamati ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki. Katika makala haya tutaeleza maafikiano ya namna hiyo katika lugha ya C, kisha tutapendekeza istilahi tatu.

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika Maabara ya Bell, nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1978 yeye na Brian Kernighan walitoa kitabu cha kuieleza, na kwa miaka kadhaa kitabu hicho ndicho kilichotegemewa. Lakini hakikujibu kila swali, nao watengenezaji wa kompaila wakajijibia wenyewe, kila mmoja kwa namna yake. Kompaila, yafaa tukumbushe, ni programu inayofasiri maandishi ya mtunga programu na kuyageuza kuwa amri zinazotekelezwa na mashine. Basi ikawa maandishi yanayokubaliwa na kompaila moja yanakataliwa na nyingine. Au, baya zaidi, yanakubaliwa na zote mbili lakini majibu yanatofautiana. Mwaka 1983 taasisi ya viwango ya Marekani iliunda kamati ya kusanifisha lugha hiyo. Usanifu ulipitishwa mwaka 1989, ukawa wa kimataifa mwaka 1990, na matoleo mapya yakatolewa mwaka 1999, 2011, 2018 na 2024.

Sifa ya programu kuweza kuhamishwa kutoka kompaila au mashine moja hadi nyingine bila kuharibika tunaiita uhamishikaji. Wengi hudhani kwamba usanifu ukishakuwapo, uhamishikaji hupatikana wenyewe. Sivyo. Usanifu wa C haukulazimisha kompaila zote zifanane katika kila jambo. Baadhi ya mambo uliyaacha wazi kwa makusudi, ili lugha itumike katika mashine kubwa na ndogo.

Mfano ulio wazi ni aina ya namba nzima iitwayo int. Jina ni moja, lakini ukubwa wake haulingani kila mahali, kama vile neno "gunia" lilivyoweza kumaanisha gunia la kawaida au lumbesa kabla mzigo haujapandishwa kwenye mizani. Usanifu unaahidi tu kwamba int itaweza kubeba namba hadi 32,767. Katika kompyuta nyingi za mezani za leo int ina biti 32, na hubeba zaidi ya bilioni mbili; katika vifaa vingi vidogo ina biti 16 tu.

Hapa ndipo istilahi zinapohitajika. Wako walimu wanaoyaita mambo yote yaliyoachwa wazi kwa neno moja, "hayajulikani". Neno hilo linapotosha, kwa kuwa usanifu wenyewe unayagawa mafungu matatu. La kwanza tunapendekeza liitwe *hiari ya kutangazwa*: kompaila huchagua, lakini hapana budi hati zake zieleze ilichochagua. Ukubwa wa int umo humo. La pili ni *hiari isiyotangazwa*: kompaila huchagua miongoni mwa njia zinazoruhusiwa wala hailazimiki kusema. Mfano ni mpangilio wa kukokotoa vipengele vinavyopelekwa kwa kitendakazi. La tatu ni *jambo lisilo na ahadi*: mtunga programu akilifanya, usanifu hauahidi lolote, wala jibu baya wala jibu jema.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika mkoani Singida kinachopokea alizeti, na tuseme kila gunia lina kilo 50. Programu inajumlisha kilo kwa kutumia int. Ikijaribiwa kwenye kompyuta ya ofisini, haina kasoro. Kisha inahamishiwa kwenye kifaa kidogo cha mizani chenye int ya biti 16. Magunia 655 yanafanya kilo 32,750, nazo zinaingia. Gunia la 656 linafikisha 32,800, na namba imepita ukomo wake. Kupita ukomo namna hiyo ni jambo lisilo na ahadi. Pengine kifaa kitaonyesha hasi 32,736, kana kwamba wakulima ndio wanaodaiwa mzigo. Pengine kitafanya jambo jingine kabisa. Dawa yake ni nyepesi: kutumia aina iitwayo long, ambayo usanifu unaahidi kwamba itabeba angalau 2,147,483,647.

Tazama basi jinsi fungu la kwanza lilivyozaa la tatu. Aliyefundishwa kwamba ukubwa wa int "haujulikani" hatausaka. Aliyefundishwa kwamba ni hiari ya kutangazwa atafungua hati za kompaila na kusoma. Na aliyeambiwa kwamba kupita ukomo "hakujulikani" atajaribu mara moja kwenye mashine yake, aone jibu, adhani sasa limejulikana. Jaribio moja halizai ahadi.

Istilahi hizi bado ni mapendekezo. Tunawaomba walimu wa kompyuta na watunga programu wazitumie darasani na kazini, kisha watuandikie ni zipi zimekubalika ulimini na zipi zimekwama.