Jibu kwa Vina Vile Vile

Mshairi wa pwani akirushiwa shairi hajibu apendavyo. Desturi inamtaka ashike mizani na vina vya aliyeanza. Akivitupa, hata hoja yake ikiwa nzito namna gani, wasikilizaji watasema ameshindwa. Tuseme mtu wa Vanga anafungua, kusi ikivuma:

Bahari imechafuka, leo hatuendi ndani.

Mwenziwe wa Gazi keshafungwa. Kipande cha kwanza lazima kiishie kwa "ka", cha pili kwa "ni", na kila kipande kiwe na silabi 8, zisizidi wala zisipungue. Anahesabu vidoleni, kisha anajibu:

Mwanamaji hana shaka, hurudi na ngisi pwani.

Kamjibu na kamchokoza papo hapo. Angeanza na "mvuvi" angepungukiwa, kwa sababu m ya mbele huhesabiwa peke yake: m-vu-vi, tatu, mwa-na-ma-ji, nne. Kanuni ndiyo iliyomtafutia neno, na neno lenyewe likawa bora kuliko lile la kwanza.

Mashindano haya hayakuwa ya kupoteza wakati. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana beti wakati miji yao ilipohasimiana.

Watoto nao wana Kinyume: silabi ya mwisho huhamia mwanzo. Nyumba huwa mbanyu, Gazi huwa Ziga, Kwale huwa Lekwa, na Msambweni hugeuka Nimsambwe. Mzaha huu ni wa zamani. Edward Steere aliuwekea mfano katika kitabu chake cha hadithi za Unguja cha mwaka 1870. Baba, dada na mimi hazibadiliki hata ukizigeuza mara ngapi, na hapo ndipo msemaji mwepesi hunaswa na wasikilizaji wake.

Waandishi wa programu za kompyuta wana jamii inayoishi kwa desturi kama hizi. Wapo wanaoandika JavaScript kwa alama 6 tu: mabano ya mraba, mabano ya mviringo, alama ya mshangao na ya kujumlisha. Herufi hawaruhusiwi, basi huziiba: mshangao mbele ya mabano matupu ya mraba huzaa jibu "false", nao hulichuna neno hilo herufi moja moja. Mwaka 2003 Edwin Brady na Chris Morris walitoa lugha ya Whitespace, ambayo huandikwa kwa nafasi, tabo na mstari mpya peke yake. Ukurasa wake huonekana mtupu.

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha shuleni uandishi wa programu. Mwalimu wa Msambweni au Diani ana zoezi tayari: wanafunzi waiamuru kompyuta iseme Kinyume. Watalazimika kwanza kuieleza mashine silabi inaishia wapi, kwamba "mba" ya nyumba haikatwi, ilhali "m" ya mvuvi husimama yenyewe.