Kipaza Sauti ni Kipi?

Kuwakusanya wanafunzi wa Lodwar na Kakuma, miji iliyotengana kwa takriban kilomita 120, ili waunde kwa mikono yao bodi za saketi za kukuzia sauti, ni wazo jema. Lakini mimi, nikiwa mwanaisimu, nauliza: wataelewana kwa maneno gani? Watu huita maikrofoni "kipaza sauti", wakaita spika vivyo hivyo, na hata chombo kilicho baina ya viwili hivyo.

Kakuma imepokea wakimbizi tangu 1992. Kundi moja laweza kuwa na Mturkana, Msomali, Mdinka na Mkongo. Hapo kosa la neno huwa kosa la waya. Kapasita yenye ncha chanya na hasi ikipachikwa kinyume huweza kupasuka. Hata chipu ndogo ya LM386, inayotosheka na betri ya volti 9, ina miguu minane, na kila mguu una kazi yake.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, kundi na likubaliane kwanza kuhusu istilahi, ziandikwe ubaoni, ndipo chuma cha kulehemu kiwashwe. Mwanafunzi asiye na neno hataunda chochote. Atabaki kuwashikia wenzake tochi.