Harambee Stars yasaka mchezeshaji, Kitengela yaishiwa viwanja

Mabao matano katika mechi tano. Hayo ndiyo yaliyofungwa na Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kwenye CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani ambayo Kenya iliandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Bao moja kila mechi, na hakuna siku tuliyopata la pili. Tuliilaza DR Congo 1-0, tukatoka sare ya 1-1 na Angola, tukaipiga Morocco 1-0 tukiwa pungufu ya mchezaji mmoja, kisha tukafunga hesabu za kundi kwa kuilaza Zambia 1-0. Robo fainali ya tarehe 22 Agosti, pale Kasarani, tulitangulia dhidi ya Madagascar, wakasawazisha, wakatutoa kwa penalti 4-3.

Siilaumu timu ile. Benni McCarthy alikuwa amekabidhiwa kazi mwezi Machi mwaka huohuo, na katika muda mfupi alijenga safu ya ulinzi iliyofungwa mabao mawili tu kabla ya kufikia penalti. Hapa mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado, baa za kando ya Barabara ya Namanga ambazo wikendi huwa za mashabiki wa Arsenal na Manchester United zilijaa watu wanaomshangilia Mkenya kwa jina. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliona hivyo. Watu wazima walikumbatiana na wasiowajua bao la Ryan Ogam lilipoingia wavu wa Morocco.

Lakini tuyatazame mabao yenyewe. Austin Odhiambo alifunga mawili, moja kwa penalti. Ogam alifunga mawili. La tano lilitoka kwa Alphonce Omija, naye ni beki. Wiki mbili baada ya kutolewa CHAN, Gambia ilikuja Kasarani kwa mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, ikatufunga matatu kabla ya mapumziko, nasi tukaambulia moja la kufutia machozi. Oktoba, kule Abidjan, Ivory Coast ikatutandika 3-0. Ndiyo, katikati hapo tuliifunga Shelisheli 5-0, ila shabiki mkweli hapimi timu yake kwa Shelisheli.

Ninachokiona ni timu inayojua kulinda bao lakini isiyojua kulitafuta. Ikitangulia, inakuwa ngumu kama mwamba. Ikitanguliwa, mpira unaanza kuzunguka kwa mabeki, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, mpaka mmoja achoke aupige mbele juu kwa juu, straika akimbizane nao peke yake. Katikati ya uwanja hakuna anayeuomba. Nakusudia yule kiungo mchezeshaji ambaye adui akiwa mgongoni mwake bado ananyoosha mkono kudai mpira, kwa sababu kabla haujamfikia ameshaangalia nyuma na pembeni, na anajua utakwenda wapi. Mtu huyo akikosekana, winga mwenye mbio hana faida, na straika mzuri anageuka mtazamaji.

Wapo watakaonikumbusha Victor Wanyama na McDonald Mariga. Ni kweli, taifa hili limetoa viungo wakubwa. Mariga alikuwa kwenye kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2010. Wanyama alifunga kwa kichwa Celtic ilipoishinda Barcelona 2-1 tarehe 7 Novemba 2012, kisha akachezea Southampton na Tottenham. Hata hivyo ndugu hawa wawili walisifika zaidi kwa nguvu, kwa kukaba na kunyang'anya mpira. Wachezeshaji wetu hasa, watu kama Francis Kahata na Kenneth Muguna, walipata heshima katika ligi ya nyumbani na kwa majirani zetu wa Tanzania, lakini timu ya taifa haikujengwa kuwazunguka kwa muda wa kutosha. Gor Mahia ilipomaliza ligi ya 2015 bila kupoteza mechi hata moja, mpira wa katikati ulikuwa miguuni mwa Mganda, Khalid Aucho. Watanzania nao wanaujua ugonjwa huu. Simba ilimtegemea Mzambia Clatous Chama, na Yanga ikamwendea Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso. Wao angalau walimpata Feisal Salum kutoka JKU ya Zanzibar.

Sababu ya upungufu huu naijua, kwa kuwa naiona kila Jumamosi nikitazama watoto wakicheza hapa mjini. Kikundi cha watoto wa miaka tisa au kumi kinapewa uwanja wa watu wazima, magoli ya watu wazima, na wachezaji kumi na mmoja kila upande. Mtoto mdogo mwenye akili ya mpira anagusa mpira mara chache mno mechi nzima. Akithubutu kutulia nao katikati, kocha anamfokea autoe, wazazi wanaungana na kocha, na mwenzake mrefu aliyetangulia kukomaa anampora. Wiki inayofuata ameshahamishiwa pembeni, au yuko benchi. Anayebaki katikati ni yule mwenye kifua na mguu wa kupiga mbali. Timu inashinda kombe dogo na mbuzi anachinjwa. Mchezeshaji amepotea akiwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyejua kwamba alikuwepo.

Kule Uingereza watoto wa chini ya miaka minane hucheza watano kwa watano, kisha saba kwa saba, halafu tisa kwa tisa, na hawaingii kwenye mechi ya kumi na mmoja hadi wakiwa wakubwa zaidi. Uwanja mdogo unamlazimisha mtoto kufikiri. Mpira unamrudia kila baada ya sekunde chache, anakosea, anapata nafasi ya kujirekebisha palepale. Hakuna gharama kubwa hapo. Uwanja mmoja mkubwa unagawanywa kwa chokaa, unatoa vinne vidogo, na watoto arobaini wanacheza kwa wakati mmoja badala ya ishirini na wawili.

Udongo wetu nao una mchango wake, na ni jambo ambalo wachambuzi wa studio hawaligusi. Sehemu kubwa ya Kitengela imekaa juu ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha, unanata kwenye viatu hadi mtoto anainua mguu kwa shida. Jua likiwaka, unapasuka nyufa zinazoweza kumeza kifundo cha mguu. Pasi ya chini haifiki. Mtoto anajifunza mapema kwamba njia salama ni kuuinua mpira, na akifanya hivyo kwa miaka minane hawezi kuja kubadilika siku anapoitwa kambini Nairobi kwenye nyasi laini. Kinachohitajika ni kifusi cha murram, rola ya kushindilia, na mitaro ya kuondoa maji. Malori ya murram yanapita hapa kutwa yakienda kwenye ujenzi.

Ujenzi wenyewe ni tatizo jingine. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa kwa wanachama mwaka 1988, na tangu hapo ardhi imeuzwa kipande kwa kipande hadi ikawa ploti za futi hamsini kwa mia. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 katika mji huu, ndani ya kaunti yenye watu 1,117,840. Wengi ni familia changa zilizohama Nairobi kufuata kodi nafuu au ploti ya kujengea. Watoto tunao wa kutosha. Viwanja havipo. Mahali walipocheza juzi leo pana ua wa mabati na rundo la mawe. Ploti ya mtu ni haki yake, na simlaumu aliyenunua akajenga. Lawama yangu ni kwa mipango ya mji ambayo ilipima barabara na maduka ikasahau kwamba watoto wangezaliwa katika nyumba hizo. Kajiado haina timu kwenye Ligi Kuu, na kwa mwendo huu sioni itatoka wapi.

Na bado kaunti hii imeshaonyesha kwamba inaweza. Timothy Ouma, kiungo wa Harambee Stars aliyezaliwa mwaka 2004, alisoma Laiser Hill Academy kule Ongata Rongai. Akachezea Nairobi City Stars akiwa bado kijana mdogo, akaenda Elfsborg ya Sweden mwaka 2022, na Januari 2025 akanunuliwa na Slavia Prague ya Jamhuri ya Czech, ambayo baadaye ilimpeleka Lech Poznan ya Poland kwa mkopo. Kila nikimtazama naona kijana aliyepewa muda. Hakutupwa kwenye timu kubwa akiwa mbichi, wala hakuachwa aoze kwenye benchi. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi alipata dakika za kucheza.

Hili la muda ndilo ninalotaka viongozi wetu walisikie. Wamarekani wana futiboli yao ya kubeba mpira mikononi na kuvaa kofia ngumu, ambamo mtu mmoja, kwotabeki, ndiye anayeamua kila shambulizi. Klabu ya Green Bay Packers ilimchukua kijana Aaron Rodgers mwaka 2005, ikamweka nyuma ya mkongwe Brett Favre kwa misimu mitatu. Alitazama, akajifunza, akafanya mazoezi. Alipokabidhiwa timu mwaka 2008 alishinda mechi sita tu kati ya kumi na sita. Hawakumfukuza. Februari 2011 aliwaletea ubingwa wa Super Bowl. Sisi hapa tungekuwa tumeshamzomea mwezi wa pili.

Maana mashabiki nasi tuna deni. Tunamdai kiungo wa miaka ishirini na moja acheze kama mtu wa thelathini. Pasi yake moja ikikatwa, jina lake linatukanwa kutoka jukwaani hadi kwenye matatu ya kurudi nyumbani. Mchezeshaji lazima apoteze mipira, kwa kuwa ndiye anayejaribu pasi ngumu. Beki anayerudisha mpira kwa kipa mara hamsini hapotezi hata mmoja, na hakuna bao linalotokana na kazi hiyo.

Mei 2025 vijana wetu wa chini ya miaka ishirini, chini ya kocha Salim Babu, walicheza AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya rika lao kule Misri kwa mara ya kwanza katika historia. Walifungwa 3-2 na Morocco, wakapoteza 3-1 kwa Tunisia, wakatoka sare ya 2-2 na Nigeria. Watu waliona wametolewa kwenye makundi, wakageuza ukurasa. Oktoba mwaka huohuo Morocco ileile ikawa bingwa wa dunia wa vijana, baada ya kuifunga Argentina 2-0 kwenye fainali huko Chile. Bao moja tu lilitutenganisha nao siku ile. Tofauti ni kwamba Morocco ina chuo cha Mohammed VI pale Salé ambacho kimelea watoto kwa zaidi ya mwongo mmoja, na vijana wake wanajua kesho watakuwa wapi. Wetu walirudi nyumbani, kila mmoja akajitafutia. Hata wasichana wetu wa Junior Starlets, timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, ambao mwaka 2024 waliifunga Mexico 2-1 katika Jamhuri ya Dominika, walistahili mpango wa miaka mitano na si mapokezi ya uwanja wa ndege.

Sasa AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Tanzania na Uganda. Kenya imeshiriki fainali hizo mara sita: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Hatujawahi kuvuka makundi. Maoni yangu ni kwamba safari hii tunaweza kuvuka, kwa sababu ulinzi upo, mashabiki wapo, na McCarthy ameonyesha kwamba anaweza kuwapa vijana nidhamu. Lakini hatutafika robo fainali kwa kufunga bao moja moja na kuomba dakika ziishe. Achague viungo wake wawili au watatu mapema, Ouma awe mmojawapo, Odhiambo apewe uhuru wa kusogea karibu na goli, na Mohammed Bajaber, aliyetoka Kenya Police kwenda Simba mwaka 2025, asisahaulike. Kisha wacheze pamoja kila mechi ya kirafiki, washinde au washindwe, hadi siku ya ufunguzi.

Hayo ni ya 2027. Kwa 2035, naomba mambo mawili. Kwanza, Mariga, aliyechaguliwa naibu wa rais wa Shirikisho la Soka Kenya (FKF) Desemba 2024, alicheza katikati ya uwanja na anajua mtoto wa nafasi ile anavyoteseka. Naomba asukume kanuni kwamba mashindano yote ya watoto wa chini ya miaka kumi na miwili nchini yachezwe kwenye viwanja vidogo, kwa timu ndogo, bila kombe la kumtia kocha wazimu. Pili, Kaunti ya Kajiado itenge viwanja vya umma Kitengela na Isinya, ivipime, ivipe hati, iviwekee murram na mitaro, kabla ploti za mwisho hazijauzwa. Wawakilishi wa wadi, bajeti ya mwaka ujao bado mnaweza kuijadili. Wakazi wenzangu, mkutano wa maoni ya umma ukiitishwa, tujitokeze, na uwanja wa watoto uandikwe kwenye orodha ya kwanza.