Shamba la Chuo, Macho ya Jirani

Njia ya Lubumbashi kwenda Kasenga ina zaidi ya kilomita 200, na biashara yake ni ya siku nyingi. Zamani za ukoloni ilipitisha samaki wa mto Luapula, walionunuliwa na Wagiriki waliojikita Kasenga na kupakiwa malorini kulisha wafanyakazi wa migodi. Siku hizi, ukikaa kando yake utahesabu magunia ya mkaa. Chuo cha mjini kikipata shamba upande huo, kwa zawadi au kwa mgao wa serikali, kinajipatia mali ambayo wakubwa wake pengine wataiona mara moja kwa mwaka, tena wakati wa kiangazi.

Jambo la kwanza: chuo hakimiliki ardhi yenyewe. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ya Kongo ni mali ya Dola, na haki ya kudumu juu yake hupewa raia wa Kongo, mtu wa nyama na damu. Chuo, kanisa na kampuni hupewa haki yenye mwisho. Kwa ardhi ambayo bado haijaendelezwa, mkataba wa muda mrefu hauzidi miaka 25. Unaweza kufanywa upya, ila ndani yake mna sharti la kuiendeleza ardhi na kulilipa Dola. Shamba lililogeuka kichaka ni hoja tosha mikononi mwa anayelitaka.

Sheria hiyohiyo inataka uchunguzi kabla ardhi ya kijijini haijatolewa: mtumishi wa serikali afike mahali penyewe, aandike nani anakaa na kulima pale, awasikilize wenye malalamiko. Ni kazi inayoshawishi kumalizwa mezani, mjini, kwa muhuri na sahihi. Ikimalizwa hivyo, ugomvi unakuwa umepandwa pamoja na mahindi ya kwanza, kwa sababu mama aliyelima muhogo pale tangu usichana wake hatishwi na jiwe la mpaka lililofika jana.

Lakini si kila anayeimega mali ya chuo huenda mahakamani. Wengine huja na shoka. Mchoma mkaa hukata miti ya miombo, huipanga magogo kwa magogo, huifunika nyasi na udongo, kisha huacha moto ule polepole kwa siku kadhaa. Moshi wa tanuri huonekana mbali, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa pale ambapo hakuna mwenye haja ya kuuliza. Mlinzi ambaye mshahara wake unachelewa miezi mitatu, asiye na baiskeli wala salio kwenye simu, ataishia kula sahani moja na wachomaji, na ni vigumu kumlaumu.

Tanzania kuna msitu unaostahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1968 mkulima wa chai mwenye asili ya Uswisi, John Tanner, alikipa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam msitu wa Mazumbai, kama hekta 320 katika milima ya Usambara Magharibi, ili uhifadhiwe na kutumika kwa utafiti. Mwaka 1984, kitivo cha kilimo cha chuo hicho kilipogeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, msitu ukaenda nacho. Makao ya Sokoine yako Morogoro. Mazumbai iko mkoa wa Tanga. Mkaguzi anapita Chalinze, Segera na Mombo, kisha anapanda kwa kona za Soni kuelekea Bumbuli, mashamba ya wakulima yakiwa yametanda mpaka juu vilimani. Halafu ghafla, miti mirefu.

Msitu huo umebaki kwa nini? Masharti ya zawadi yalisaidia, lakini karatasi haifukuzi shoka. Kilichosaidia zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kwamba msitu unatumika. Wanafunzi huletwa kujifunza, watafiti hulala palepale. Mwaka 1990 wanasayansi kutoka Bergen, Norwe, walitega wadudu kwenye kijito cha Kaputu ndani ya msitu huo, na baadhi ya wadudu hao walikuwa hawajawahi kuandikwa popote. Mahali penye wageni wenye daftari, mti ukianguka, kuna anayeuliza.

Waingereza walilijua hilo mapema. Michael Woodward, mkuu wa New College ya Oxford kuanzia 1658 hadi 1675, alikuwa akipanda farasi kuzungukia mashamba ya chuo katika mikoa ya mbali, akiandika kodi, hali ya nyumba na miti. Maandishi yake yapo mpaka leo.

Thamani nayo haikai mahali pamoja. Mwaka 1933 Trinity College ya Cambridge ilinunua ardhi ya mashamba karibu na Felixstowe, penye gati dogo lisilo na maana. Baadaye pakawa bandari kubwa kuliko zote za makontena Uingereza. Huku kwetu upo mradi wa barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, Zambia, pamoja na daraja juu ya Luapula. Hekta ambazo leo hazina mnunuzi zitapata wanunuzi wengi, wengine wakiwa na hati zao mkononi. Chuo chenye shamba upande wa Kasenga kingefanya vema kupima upya mipaka sasa, machifu wa vijiji na mtawala wa teritwari wakiwepo, kila mmoja akatia sahihi na kubaki na nakala yake.