Vimelea vya samaki wafugwao: vinavyofika bwawani na namna ya kuvizuia

MSAMVU, Morogoro – Msamvu, katika Manispaa ya Morogoro, ndipo zinapokutana barabara za kwenda Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Kwa mfugaji wa samaki, njia panda hiyo ni neema, kwani vifaranga vilivyofungwa ndani ya mifuko ya maji na hewa ya oksijeni vinaweza kusafirishwa asubuhi na kufika bwawani siku hiyo hiyo. Hata hivyo, urahisi huo una upande wa pili. Maji yanayombeba kifaranga yanaweza pia kubeba vimelea visivyoonekana kwa macho, na vikishamwagwa bwawani ni vigumu kuviondoa.

Vimelea ni viumbe wanaoishi juu ya mwili au ndani ya mwili wa kiumbe mwingine na kujipatia chakula kwa gharama yake. Katika mabwawa ya sato, perege na kambale, vimelea mara nyingi havilazimiki kuua ili kumtia mfugaji hasara. Samaki hula bila kunenepa, ngozi hupata vidonda, na siku ya mavuno uzito wa samaki haulingani na fedha iliyotumika kwenye chakula. Kwa kaya iliyowekeza akiba yake katika bwawa moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama bwawa litapandikizwa tena au litaachwa liote majani.

Makundi makuu ya vimelea

Kundi la kwanza ni protozoa, viumbe wa seli moja wanaoonekana kwa hadubini. Mmoja wao husababisha ugonjwa wa madoa meupe. Huchimba chini ya ngozi ya samaki na kukua hapo, kisha hudondoka, hujishikiza chini ya bwawa na kugawanyika kuwa mamia ya viumbe wapya wanaoogelea wakitafuta samaki mwingine. Katika maji yenye joto la nyuzi 25 hivi, mzunguko huo hukamilika kwa siku chache tu. Wapo pia Trichodina, wenye umbo la sahani, ambao huongezeka haraka pale samaki wanaposongamana na maji yanapochafuka.

Kundi la pili ni minyoo bapa inayong'ang'ania ngozi, mapezi na matamvua kwa kulabu ndogo. Minyoo hii haihitaji kiumbe mwingine wa kuipitisha. Hutoka kwa samaki mmoja kwenda kwa mwingine moja kwa moja. Gyrodactylus hutia fora zaidi: huzaa mtoto aliye hai, na mtoto huyo huzaliwa akiwa tayari na kiinitete tumboni mwake. Ndiyo maana vifaranga wachache walioambukizwa wanaweza kueneza minyoo katika bwawa zima ndani ya muda mfupi.

Kundi la tatu ni minyoo inayohitaji wenyeji zaidi ya mmoja. Clinostomum, ambayo wafugaji huiona kama vifuko vya njano ndani ya nyama au karibu na matamvua, hukomaa katika kinywa na koo la ndege walao samaki kama korongo na yangeyange. Mayai huangukia majini, lava hutoka na kuingia ndani ya konokono, na kutoka kwa konokono huingia kwa samaki. Ndege akimla samaki huyo, mzunguko huanza upya. Jamaa zake wengine hukaa katika macho ya samaki na kumpofusha, hivyo samaki hushindwa kukwepa mdomo wa ndege. Kwa upande wa kambale, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wanasayansi wa Tanzania kwa kushirikiana na wenzao wa Ulaya ulitumia vinasaba kutambua minyoo ya aina hiyo inayoishi ndani ya ubongo wa samaki hao.

Kundi la nne ni minyoo ya tumboni, ikiwamo minyoo ya mviringo, tegu, na minyoo yenye kichwa cha miiba inayojichoma katika ukuta wa utumbo. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) walichapisha utafiti kuhusu namna utunzaji wa mabwawa unavyohusiana na minyoo ya tumboni ya sato kwa wafugaji wadogo wa Morogoro. Swali lenyewe lina uzito kwa mfugaji: maambukizi si bahati mbaya tu, bali yanahusiana na kazi inayofanyika, au isiyofanyika, kando ya bwawa.

Kundi la mwisho ni wadudu wa jamii ya kamba wanaoonekana kwa macho: chawa wa samaki, aliye bapa na mwenye kutembea juu ya magamba, na yule afananaye na uzi uliochomekwa katika nyama, ambaye kichwa chake kina umbo la nanga. Ruba nao hunyonya damu na huweza kuhamisha magonjwa kutoka kwa samaki mmoja hadi mwingine.

Njia tatu za kuingilia

Vimelea huingia bwawani kwa njia kuu tatu: samaki wapya, maji, na wanyama wanaozunguka bwawa.

Samaki wapya ndiyo njia iliyo rahisi zaidi kudhibitiwa, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mfano mzuri unatoka katika Bonde la Kongo. Watafiti walichunguza matamvua ya samaki wa jamii ya perege waliohifadhiwa katika makumbusho tangu kabla sato hajapelekwa katika maji ya huko, kisha wakayalinganisha na ya samaki waliovuliwa miaka ya karibuni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kuwa minyoo ya sato ilihamia kwa samaki wenyeji baada ya sato kuletwa. Nchini Norway, Gyrodactylus iliyoingia miaka ya 1970 pamoja na samaki wachanga kutoka nje iliangamiza samoni katika mito mingi, na baadhi ya mito ikalazimika kutiwa sumu ya kuua samaki wote ili kuanza upya.

Somo hilo lina maana kwa Morogoro. Mito inayoshuka kutoka Milima ya Uluguru, ukiwamo Ngerengere unaojaza Bwawa la Mindu, huingia katika Mto Ruvu, ambao ni chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Ndani ya mfumo huo wa maji wamo perege wa asili. Samaki wa kufugwa wanaotoroka wakati wa mafuriko, au maji ya bwawa yanayofunguliwa ovyo mtoni, yanaweza kupeleka vimelea mbali na shamba vilikotokea.

Maji ni njia ya pili. Mfereji unaoleta maji ya mto bila chujio huingiza samaki wa porini, konokono na lava. Mabwawa yaliyopangwa kwa mfululizo, ambapo maji ya bwawa la juu humwagika katika la chini, hugawana pia ugonjwa.

Njia ya tatu ni ndege, konokono na binadamu. Nyavu na ndoo zinazoazimwa kati ya wafugaji bila kukaushwa hubeba vimelea vikiwa hai. Konokono nao wana hatari ya ziada: baadhi ya aina zinazopenda maji yaliyotulia yenye majani ndizo zinazoeneza kichocho kwa watu. Bwawa lenye kingo safi, na familia inayotumia choo badala ya kujisaidia karibu na maji, hulinda samaki na mwenye samaki kwa pamoja.

Dalili za kuangalia

Samaki mwenye vimelea hujisugua chini au kwenye kuta za bwawa, hupunguza kula, hujitenga na kundi, hubadilika rangi kuwa mweusi, au hufunikwa na ute mwingi. Vimelea vya matamvua humfanya ahemee juu ya maji. Dalili hii ya mwisho hufanana na upungufu wa oksijeni, na mfugaji anapaswa kuzitofautisha. Ikiwa samaki karibu wote huhema alfajiri kisha hutulia jua likishachomoza, tatizo mara nyingi ni oksijeni. Ikiwa baadhi yao huendelea kuhema hadi mchana, matamvua yachunguzwe.

Uchunguzi wa uhakika hufanywa kwa hadubini, kwa kukwangua ute wa ngozi na kukata kipande kidogo cha tamvua. Samaki apelekwe kwa mtaalamu akiwa hai ndani ya maji ya bwawa lake, kwa kuwa vimelea vingi vya nje hufa au huondoka muda mfupi baada ya samaki kufa.

Kinga kabla ya kupandikiza

Hatua iliyo nafuu kuliko zote hufanyika kabla vifaranga havijagusa maji ya bwawa. Mfugaji anashauriwa kununua vifaranga kwa wazalishaji wanaotambulika. Mkoani Morogoro kipo kituo cha Serikali cha ukuzaji viumbe maji cha Kingolwira, ambacho huzalisha vifaranga na kutoa mafunzo. Kuchota vifaranga mtoni au katika bwawa la jirani huonekana kuokoa fedha, lakini huleta vimelea visivyojulikana.

Vifaranga vikifika, viwekwe katika karantini, yaani tanki au bwawa dogo lililotengwa, kwa muda wa wiki mbili hivi huku vikiangaliwa. Maji ya mfuko wa safari yasimwagwe bwawani. Kuoga kwa chumvi ya kawaida, kiasi cha gramu 10 kwa kila lita ya maji kwa muda usiozidi dakika 30, hupunguza protozoa na minyoo ya nje. Kazi hiyo ifanyike chini ya uangalizi wa karibu, na vifaranga virejeshwe katika maji safi mara vinapoanza kuyumba.

Bwawa lenyewe litayarishwe. Baada ya kila mavuno, maji yaondolewe yote na udongo uachwe juani hadi upasuke nyufa, kisha chokaa inyunyizwe kabla ya kujazwa tena. Ukaushaji huua konokono, mayai na hatua nyingi za vimelea zinazokaa matopeni. Mlango wa maji uwekwe wavu wenye matundu madogo, majani ya kingoni yafyekwe, na nyuzi au nyavu zitandazwe juu ya bwawa kuzuia ndege. Vifaranga visizidi kiwango kinachoshauriwa na afisa uvuvi, kwa sababu msongamano ndio unaogeuza vimelea wachache kuwa mlipuko.

Dawa zisizofaa

Samaki wanapoanza kufa, baadhi ya wafugaji hushawishika kumwaga bwawani viuatilifu vya mazao. Hilo ni kosa la hatari. Viuatilifu vingi huua samaki kwa kiwango kidogo sana, hubaki katika nyama itakayoliwa, na hufika mtoni maji yanapofunguliwa. Dawa za viuavijasumu nazo haziui minyoo. Kuzitumia bila ushauri hujenga usugu wa bakteria huku vimelea vikiendelea. Aidha, dawa haiwezi kuifikia Clinostomum iliyokwisha kujifungia ndani ya nyama. Kwa mnyoo huyo, tiba ni kukata mzunguko wake kwa kuondoa konokono na kuzuia ndege.

Je, mlaji yuko salama?

Vimelea vingi vya samaki haviwezi kuishi kwa binadamu. Vichache vinavyoweza, hupatikana kwa kula samaki mbichi au asiyeiva. Katika baadhi ya nchi za Asia ambako samaki wa maji baridi huliwa mbichi, minyoo ya ini itokanayo na samaki imetambuliwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani ya mirija ya nyongo. Desturi ya kukaanga, kuchemsha au kuchoma samaki hadi ndani ndiyo kinga iliyopo tayari katika jiko la Mtanzania, na inapaswa kudumishwa. Samaki aliyeonekana na vifuko vya njano hapendezi sokoni na hushusha bei, lakini akisafishwa na kuiva vizuri minyoo hiyo hufa. Matumbo ya samaki yazikwe, yasitupwe majini.

Mfugaji anayeona dalili zilizotajwa anashauriwa kusitisha mara moja kuhamisha samaki, nyavu na maji kutoka katika bwawa lake, kuandika idadi ya samaki wanaokufa kila siku, na kutoa taarifa kwa afisa uvuvi wa kata au halmashauri yake. Kwa walioko Morogoro, wataalamu wa Kingolwira na SUA wako karibu. Taarifa inayotolewa siku ya kwanza huokoa bwawa husika, na huwaepusha na maambukizi wafugaji wengine wanaosubiri vifaranga vyao upande wa pili wa barabara.