Mabango ya Kijani ya Hertfordshire

Katika vijiji vingi kati ya St Albans na Hatfield, kaskazini mwa London, utaliona bango kabla hujaliona kanisa. Limefungwa kwenye lango la shamba au limesimikwa bustanini mwa mtu, kijani kwa herufi nyeupe: okoeni ukanda wetu wa kijani. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani, mzaliwa wa Tanga. Mabango hayo nayajua vizuri kwa sababu mengi yako kwenye nyumba ninazoingia asubuhi kuwaamsha wenyewe, kuwaogesha na kuwapa dawa. Nikimaliza narudi Luton nilikopanga, kwani huku pango halishikiki kwa mshahara wangu. Ugomvi wa kujenga nyumba juu ya mashamba nausikia kutoka pande zote mbili, na mara nyingi nikiwa na taulo mkononi.

Kwetu, mtu akitaja ukanda wa kijani humkumbuka Wangari Maathai wa Kenya, vuguvugu aliloanzisha mwaka 1977, na ule msitu wa Karura alikojeruhiwa kichwani Januari 1999 akipinga kumegwa kwake. Karura ni msitu wa umma. Ukanda wa Uingereza ni kitu kingine kabisa. Sehemu kubwa ni ardhi ya watu binafsi: ngano, malisho ya farasi, viwanja vya gofu, hata vitalu vya maua vilivyokufa vikabaki vyuma na vioo. Huna ruhusa ya kuingia ila ukifuata njia za miguu za umma. Na si lazima pawe na mti wala ndege. Sheria inachotaka ni ardhi ibaki wazi, basi.

Wazo lenyewe lina umri wa mzee. Kati ya vita viwili vya dunia London ilitambaa kufuata reli na barabara hadi wakubwa wakashtuka. Mwaka 1935 mamlaka za mipango zikapendekeza jiji lizungushiwe ardhi isiyojengwa, na mwaka 1938 ikapita sheria ya kuziwezesha halmashauri kuinunua. Lakini kununua ni ghali. Kilicholeta mabadiliko ya kweli ni sheria ya mwaka 1947, iliyomwondolea kila mwenye ardhi haki ya kujenga bila kibali. Shamba ni lako, nyumba juu yake si yako mpaka serikali ikubali. Mwaka 1955 waziri Duncan Sandys akazihimiza halmashauri nchi nzima zichore kanda zao, na leo kanda hizo zimefunika takriban sehemu moja kati ya nane za ardhi ya England. Madhumuni yake yaliyoandikwa ni matano, likiwamo la kuzuia mji mmoja usimeze mwingine. Uzuri wa mandhari haumo.

Sasa njoo St Albans. Asilimia 81 ya wilaya imo ndani ya ukanda. Treni inakufikisha katikati ya London kwa dakika ishirini hivi, kwa hiyo kila mwenye kazi nzuri ya mjini anapatamani, na bei ya wastani ya nyumba imepita pauni laki tano. Mpango wa ardhi uliotumika huku miaka yote hii ulipitishwa mwaka 1994. Mara mbili halmashauri ilijaribu kuandika mwingine, na mara mbili ikakwama kwa kutoshirikiana vya kutosha na wilaya jirani. Hapo ndipo kampuni za ujenzi zilipopata mlango: pasipo mpango mpya, ziliomba kibali shamba kwa shamba.

Ombi likiingia, tangazo hubandikwa kwenye nguzo ya barabarani na majirani hupewa siku 21 za kuandika maoni. Mzee mmoja ninayemhudumia, mhandisi mstaafu, macho yamemwishia, kwa hiyo husema nami nikachapa. (Namwita kwa jina lake la kwanza kama wafanyavyo wao, ingawa ulimi wangu wa Kitanga bado unatafuta pa kuchomeka "mzee".) Barua yake ya kwanza ilikuwa nzuri. Ilisema kwamba ameliangalia shamba la mbele likipandwa na kuvunwa tangu ahamie hapo akiwa kijana, na kwamba asingependa kuona mapaa badala yake. Jirani yake anayezifahamu kanuni akaisoma na kutikisa kichwa. Mandhari ya dirishani hayahesabiki. Kushuka kwa thamani ya nyumba yako hakuhesabiki. Yanayohesabika ni msongamano wa magari, mafuriko, nafasi za shule, majengo ya kale, popo walioko kwenye miti. Tukaandika upya, safari hii kuhusu mitaro ya maji ya mvua.

Nadhani hapa ndipo ugomvi unapoharibika. Watu wana huzuni ya kweli, ya kuondokewa na kitu walichoishi nacho, lakini fomu haina nafasi ya huzuni. Basi wote wanajifunza kuzungumza habari za mitaro. Upande wa pili ukiwasikia unasema ni visingizio, watu wamekwisha kupata nyumba zao na sasa wanavuta ngazi juu.

Kuvuta ngazi kupo, sitakataa. Nyumba ya mzee yenyewe ilijengwa baada ya vita juu ya shamba. Ana picha ukutani iliyopigwa kutoka angani, na pale sebule ilipo paonekana vibunda vya nyasi. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakohoa. Hapa Hertfordshire jambo hilo lina historia ndefu. Mwaka 1946 serikali ilipoichagua Stevenage iwe ya kwanza katika miji mipya ya kupokea watu wa London iliyolipuliwa, waziri Lewis Silkin alikwenda kuwaeleza wenyeji. Walimzomea, wakatoa upepo kwenye magurudumu ya gari lake, wakatia mchanga kwenye tangi la petroli. Baadaye kibao cha stesheni kikabandikwa "Silkingrad", kana kwamba amewaletea Urusi. Mji ukajengwa. Watoto wa waliohamia pale leo wana wajukuu, na baadhi yao wanapinga nyumba mpya za pembeni.

Lakini wapingaji si wajinga, na hoja zao kadhaa nazikubali. Shamba la ngano likipata kibali bei yake hupanda makumi ya mara kwa saini moja, na faida hiyo haiendi kwa kijiji. Ahadi ya nyumba za bei nafuu hutangazwa kwa sauti, kisha kampuni hurudi na mahesabu kwamba gharama zimepanda na idadi ipunguzwe. Hata hiyo bei nafuu yenyewe, katika aina moja ya upangaji, ni hadi asilimia 80 ya pango la sokoni. Asilimia 80 ya kisichoshikika bado haishikiki. Zahanati na shule, zikija, huja nyuma ya malori. Wanaotetea mashamba, wakiwamo shirika la CPRE lililoanza mwaka 1926, husema kuna viwanja vilivyotelekezwa mijini vijengwe kwanza. Ni kweli vipo, ila si vyote vilivyo karibu na kazi, na kusafisha ardhi ya kiwanda cha zamani kunakula fedha.

Kesi inayotajwa sana huku ni ya Colney Heath, shamba la Bullens Green Lane lililokaa mpakani mwa wilaya mbili. Wanakijiji walipinga, halmashauri hazikutoa kibali, kampuni ikakata rufaa. Juni 2021 mkaguzi wa serikali akaruhusu nyumba mia moja ndani ya ukanda. Kati ya hizo 45 ni za bei nafuu na 10 ni viwanja vya watu kujijengea wenyewe. Sababu yake kubwa ilikuwa hesabu: kila halmashauri hutakiwa kuonyesha ardhi ya kutosha nyumba za miaka mitano, na hizi mbili zilikuwa na ya chini ya miaka mitatu. Mwezi huohuo, si mbali na hapa, chama tawala cha Conservative kilipoteza jimbo la Chesham na Amersham kililolishika tangu 1974, hasira juu ya mageuzi ya mipango ya ujenzi ikiwa miongoni mwa sababu. Mageuzi yakalegezwa. Desemba 2024 serikali ya Labour, iliyoahidi nyumba milioni moja na nusu, ikaleta neno jipya, ukanda wa kijivu, yaani vipande vya ukanda visivyotimiza sana madhumuni yake, ambavyo sasa ni rahisi zaidi kujengwa. Mabango yameongezeka tangu hapo.

Nilimpeleka mzee kwenye kikao cha madiwani cha kuamua ombi la shamba lile la mbele ya nyumba yake, nikimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Kila aliyejiandikisha alipewa dakika tatu. Walisema vizuri, kwa adabu, wengine wakishika karatasi kwa mikono inayotetemeka, na karibu wote walikuwa wenye nyumba. Upande wa kuunga mkono alisimama mwakilishi wa kampuni peke yake, kijana wa suti, asiyependwa na yeyote ukumbini. Wale ambao wangeishi katika nyumba hizo hawakuwapo, na wangekuwapo vipi? Hawajijui. Mmoja wao huenda alikuwa Luton chumba cha pili kutoka kwangu, akiwalaza wanawe watatu kitanda kimoja. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiandikisha. Nilikuwa kazini.

Lakini si kweli kwamba watu hao hawajulikani. Kila halmashauri ina daftari la wanaosubiri nyumba za kupanga kwa bei nafuu, lenye majina, anwani na idadi ya watoto. Shamba likiombewa kibali, barua hupelekwa kwa majirani wanaopakana nalo. Ningetaka nakala ya barua hiyohiyo, yenye siku 21 zilezile, ipelekwe kwa kila aliye kwenye daftari.