Jina la mupiga picha liko, la mufanyakazi liko wapi?

William D. Young njo alikuwa mupiga picha wa reli ya Uganda. Ile reli ilianza ku Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Alipiga picha za madaraja, mashini na vituo, kisha akafungua studio yake ku Nairobi. Mpaka leo jina lake linaandikwa chini ya zile picha.

Na wale waliobeba vyuma? Watu zaidi ya 31,000 walitoka India kwa ile kazi; 2,493 walikufa. Ndani ya picha wengi wao wanabaki "kundi la wafanyakazi" tu.

Hapa kwetu reli ilifika 1910. Bazee wetu nao walipigwa picha na makampuni. Mwaka 2006 mtoto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, alichukua picha za zamani za wafanyakazi, akaziweka juu ya picha za viwanda vilivyochoka. Sura ziko, majina hapana.

Ku sendika tunajua: jina likikosa ku karatasi, hata pensheni inapotea. Kama nyumbani kuko picha ya BCK ao ya Union Minière, uliza bazee leo. Andika majina nyuma yake.